Chumba cha Juu kwa Bi Fadhiya

Muhdhar hakuwa na nyumba, wala kiwanja, wala akiba, wala pasi ya kusafiria, wala meno ya kutafunia kashata. Kibanda chake cha bizari pale Marikiti kilibomolewa, na sasa aliuza kwa kutembeza, vipakiti ndani ya kikapu. Mke alikuwa naye, ila alikuwa Cardiff.

Mke huyo aliitwa Intisar, mjane aliyezaliwa Aden na kukulia Uingereza. Alikuja Mombasa kuwaona jamaa zake, akanunua pilipili manga kwa Muhdhar, akarudi kesho yake kulalamika kuwa ni chache. Hawakumaliza ubishi huo mpaka walipofungishwa nikahi. Kisha siku alizopewa na watu wa uhamiaji zikaisha, akaondoka. Tangu hapo wakawa mume na mke wa simu. Umri ulikuwa umewapita, na hawakutaka kuumalizia kwenye kioo cha simu.

Taabu ilikuwa chumba. Muhdhar alipanga juu kwa Bi Fadhiya, katika nyumba ya mawe Mji wa Kale. Bi Fadhiya alitaka ghorofa hiyo aipangishe watalii, na alikwisha kumpa notisi: mwisho wa mwezi, atoke; naye hakuonyesha dalili ya kufungasha.

Jioni moja Muhdhar alishuka kwake. Akamsalimu, akamuuliza hali, akauliza presha yake, akauliza na paka wake. Ndipo akaeleza haja. Watu wa uhamiaji hawatawaruhusu yeye na Intisar kukaa pamoja mpaka wapate barua ya mwenye nyumba: chumba kikoje, ni chake kwa muda gani, na kama chawatosha mume na mke.

Bi Fadhiya alijizuia asipige vigelegele. Mpangaji aliyekataa kutoka kwa notisi sasa angetoka kwa ndege. Hakuhitaji kuambiwa zaidi. Tangu apate akili zake, bwana harusi ndiye apelekwaye kwa mke. Hata marehemu mumewe aliingia nyumba hii na sanduku moja na mswaki. Mume humfuata mke. Mtaa mzima uliona hivyo hivyo, na walikuwapo waliokwisha kumwagiza Muhdhar makoti na simu. Yeye alikuwa akicheka tu.

"Na hilo la mume na mke laulizwa kwa nini?" akataka kujua Bi Fadhiya.

"Wana desturi zao."

"Wazungu hao. Wataka kujua ulimweka mke vipi kabla hawajamwachia akuchukue."

Akaandika barua usiku ule ule. Alikisifu chumba kama anayeposesha binti: kikavu, chenye hewa, chenye maji.

Asubuhi Muhdhar akairudisha, kwa adabu, kwa mikono miwili. "Dari lavuja, Bi Fadhiya. Na maji nayateka chini. Mimi sipeleki urongo serikalini."

"Yakhe, nani atakuja kuchungulia dari?"

"Huenda wakaja."

Bi Fadhiya akahesabu moyoni. Watalii nao hawatalala chini ya dari livujalo. Akamwita fundi. Kwa muda wa wiki nzima nyumba ikanuka chokaa, na mwisho wake chumba cha juu kikawa na dari jipya, mfereji wake wa maji, na jiko dogo pembeni.

Barua ya pili ilisema Muhdhar ni mpangaji wa miaka mitano ijayo, kwa kodi ile ile. Hiyo pia akairudisha.

"Miaka mitano iko wapi?" akauliza. "Mimi nilicho nacho ni notisi."

Bi Fadhiya akamtazama kama mtu anayetazama samaki aliyekwisha kunasa lakini bado achagua chambo. Akaichana notisi mbele yake. Kisha akamfuata Mwalimu Ishaq wa chuoni, na mkataba wa miaka mitano ukatiwa saini, Mwalimu akiwa shahidi.

Mwalimu alimwuliza mara mbili kama ana hakika. Bi Fadhiya alimvuta kando, akamnong'oneza kuwa mkataba wa mtu aliyekwisha kuondoka ni karatasi ya kufungia bajia. Mwalimu akakuna ndevu, akatia saini yake.

Siku hiyo Intisar alipiga simu, na Bi Fadhiya akaomba amsalimie. Intisar alimshukuru mara tatu. Akasema alikokuwa kodi imepanda mara mbili, mwenye nyumba anauza, na usiku hulala na soksi mbili kwa kuogopa bili ya joto. Bi Fadhiya akamwambia asihuzunike. Mume akiwa karibu, hata chumba kibovu hupata joto. Alipokata simu akamhurumia Muhdhar kidogo kwa huko aendako, lakini si sana.

Barua ya tatu haikuwa na kasoro. Bi Fadhiya hakukubali kumwachia Muhdhar aipeleke peke yake, asije akaona jingine la kurudisha. Wakapanda tukutuku pamoja hadi afisi ya mabasi yanayopeleka vifurushi Nairobi. Nauli akatoa yeye, na gharama ya kutuma akatoa yeye. Akaifunga bahasha kwa ulimi wake mwenyewe, akaongeza gundi, akaigandamiza kwa kiganja kama mkate wa mofa.

Karani akaigonga muhuri, akaitia guniani. Gunia likapakiwa. Basi likapiga honi, likatoka.

Bi Fadhiya akashusha pumzi. "Haya, Muhdhar. Pana lililobaki?"

"Ngazi tu, Bi Fadhiya," akasema Muhdhar. "Fundi akipata nafasi aitie pa kushikia, maana Intisar hapandi vizuri, magoti yamsumbua."