Kunjo la Tano

Siku hizi bendera ya jeneza la askari hukunjwa makunjo kumi, kisha hukabidhiwa mjane. Kila mwaka kunjo moja hujikunjua na kutoa maneno aliyoyarekodi marehemu kabla ya kwenda vitani.

Bi Salome aliwaalika wanawe kusikiliza kunjo la tano la mumewe, Sajenti Kihwelo.

“Mama Upendo, pilau imeungua tena?” bendera ilimuuliza.

Ilikuwa imeungua kweli. Wakacheka hadi machozi. Mzee na utani wake!

“Na huyo Ngailo wa chai ya Alhamisi, mwambie kile kiti ni changu.”

Wanawe wakamgeukia mama yao. Ngailo alikuwa amehamia mtaani mwezi uliopita tu. Bi Salome akajichekesha, akaichukua bendera aikunje upya. Ilikuwa na joto, kama kiti ambacho mwenyewe ameinuka sasa hivi.