Kikombe cha Tatu

Bi Mashavu alipanda hadi mji mkuu wa milimani kumwona mtoto wa marehemu mwanawe. Almazi, bibi mzaa mama wa mtoto huyo, alimpokea kwa kahawa na kimya. Desturi ya huko ni vikombe vitatu. Cha tatu kikiisha, mgeni huaga.

Viwili alivinywa. Cha tatu akakishika tu viganjani.

"Kunywa, mkwe wangu, inapoa," Almazi alimhimiza. "Mtoto amelala."

"Wacha ipoe. Nitangoja aamke."

Mvua za kwanza za masika zikaanza kugonga bati. Makaa yakafifia, kahawa ikapoa kabisa, na Bi Mashavu hakutikisika.

Chini ya pazia la chumbani vikachungulia vidole vya miguu midogo. Almazi akavitazama, akakitazama kile kikombe, kisha akainama kuongeza mkaa.