Wageni wa Kuona Furaha

"Meno, meno! Wanashuka kwenye gari," Mkuu wa hospitali alinong'ona, akampakatisha mwanamke wa gauni la bluu mtoto wa tatu. Kisha akajifuta udenda wa mtoto kwa leso, kama aliyeshika konokono.

Baba Watatu alitazama pembeni. Tai aliyofungwa na Mkuu ilimkaba. Marashi yaliyopulizwa sebuleni kwake kufunika harufu ya nepi na maziwa yaliyochacha yalimtia kichefuchefu. Miaka tisa ya kutafuta mtoto, sindano juu ya sindano, mwishowe watatu kwa mpigo. Hospitali ikapiga picha, ikapiga makofi, ikaenda zake. Wakubwa ndivyo walivyo: wakishakupandisha mtini, wanaondoka na ngazi.

Mara nne alikwenda ofisini kwa Mkuu. "Mke wangu analia kutwa. Hataki hata kuwatazama watoto. Nitampoteza, mzee."

Safari ya nne ndipo Mkuu alipoinua macho. Wafadhili wa hospitali wanakuja, akasema. Wakiona furaha, Baba Watatu atapewa msaidizi wa kulea, na mtaalamu wa kuzungumza na mama. Wakiona chozi, asahau.

Sasa ndio hao, wanne, viatu vinang'aa. Bibi mmoja wa miwani akainama juu ya watoto.

"Hongera, mama! Unapata usingizi kweli?"

"Nalala vizuri tu," akajibu wa gauni la bluu, meno yote nje. Tabasamu lile lilimchefua Baba Watatu kuliko marashi.

"Na kifungua mimba ni yupi hapa?"

Mwanamke akawatazama watoto, akamtazama Mkuu.

"Wamefanana kama punje za mtama!" Mkuu akadakia. "Hata wenyewe huwachanganya, wakamnyonyesha mmoja mara mbili!"

Wakaangua kicheko. Mtoto mmoja akaanza kulia, akijinyonganyonga kwenye lile gauni lisilo na hata doa. Baba Watatu akamchukua, akamlaza begani. Mtoto akanyamaza papo hapo.

"Baba wa kweli huyu," bibi akasema. Akashusha sauti. "Niambie, mwanangu. Kuna shida yoyote hapa?"

Neno lilifika kwenye ncha ya ulimi. Mkuu akakohoa. Baba Watatu akalimeza, chungu kama shubiri.

"Hakuna, mama. Ni furaha tupu."

Picha zikapigwa. Mikono ikapeanwa. Gari la wageni likaondoka.

"Safi sana," Mkuu akasema. "Wameridhika mno."

"Na msaidizi anaanza lini, mzee?"

"Msaidizi wa nini tena? Bibi amekuuliza, ukasema huna shida. Nikuombee msaada wa shida ipi?" Akamgeukia mwanamke. "Vua gauni, dada, twende. Mapokezi hakuna mtu."

Mwanamke akawalaza watoto kwenye kochi, akavaa sare yake, akatoka bila kuaga.

Baba Watatu akapita jikoni, akafungua komeo la stoo. Mkewe alikuwa amekaa sakafuni gizani, ameng'ata shali kama alivyomwagiza.

"Toka, mama watoto," akamwambia. "Wameondoka. Sasa unaweza kulia."