Gitaa Lisiloogopa Maji

"Nataka gitaa lisiloogopa maji," Mzee Isko alisema, na karakana yetu yote ya magitaa hapa kisiwani Mactan ikacheka.

"Basi kanunue mtumbwi, mzee," fundi mkuu akamjibu. "Magitaa haya ni ya mbao za mfenesi. Yakilowa yanavimba kama shavu la mgonjwa wa jino."

Mzee hakuondoka. Alipita ukutani yalikotundikwa, akigonga gitaa moja moja kwa ukucha, kisha akitega sikio. Gitaa lake la zamani, alilokuja nalo kwapani, lilikuwa limebanduka mgongo.

"Kuna mama mmoja mjane, huwa naenda kumwimbia chini ya dirisha," akaeleza. "Jumapili ya tatu sasa ananimwagia maji aliyooshea mchele. Wimbo wenyewe haujafika hata katikati."

"Ana shabaha huyo," fundi akasema.

Mkono wangu ulisimama juu ya msasa. Anayeyakusanya maji hayo ni mimi, kwenye ndoo ya kijani. Na kila Jumapili, kabla ya kuyamwaga, bibi yangu huchana nywele na kupaka poda.

Mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Niliinuka tu, nikashusha gitaa la pembeni kabisa, lenye sauti nene, nikampa.

"Hili linavumilia maji?"

"Hapana, babu. Ila linasikika mpaka jikoni."

Akanikazia macho. "Jikoni kwa nani?"

Nikainamia msasa wangu.

"Jumapili hii," nikamwambia polepole, "ndoo itakuwa imetoboka."