Vidole Vinne Chini ya Ukingo

Maji yalikuwa yamejaa tena, pomoni, hadi ukingoni mwa tangi.

Bi Uzi alisimama mbele ya kile kioo, viatu mkononi, wivu ukimpanda kutoka tumboni hadi kooni kama kiungulia. Jana aliyapunguza kwa mkono wake mwenyewe. Leo yamerudishwa. Wala aliyeyarudisha hakuhitaji kutafutwa: kitana chake kilikuwa dirishani na nywele zake, ndala zake nyembamba zimejipanga mlangoni, na marashi yake yamekaa kwenye mito ya kochi kana kwamba yameitwa.

"Hata haya haoni," alimwambia samaki.

Samaki alikuwa mmoja tu, mwekundu, mnene, pezi la mgongo limechanika. Alikuja mbele ya kioo akafumbua mdomo, akafumba, kama mtu mwenye neno lakini anaogopa kuleta fitina.

Kiwandani, walikoshona sare za shule, wenzake walimpa jina la Bi Uzi kwa wembamba wake, na kwa sababu akishika jambo hakatiki. Asubuhi hiyo alimwambia msimamizi kwamba sikio linamuuma. Jana lilikuwa jino. Msimamizi alimtazama juu ya miwani, akasema maradhi hayo yanapanda, karibu yatafika kwenye nywele. Cherehani zote zilisimama kwa kicheko. Yeye alifunga mkoba wake akatoka. Acha wacheke, mwenye kidonda ndiye ajuaye usaha wake.

Akatoa kikombe cha bati mkobani, akaanza kuchota. Kila kikombe alikimwaga taratibu kwenye chungu cha maua kilichokuwa chini ya dirisha. Siku hizi maua yale yalinawiri kuliko watu.

Maji ya samaki huyu hayajazwi. Kabla yake alikuwepo mwingine, na tangi lilikuwa limejaa hivi hivi. Usiku akajirusha. Wakaja kumkuta nyuma ya kabati, amekauka kama soli ya kiatu. Siku ile, mwanamume wa nyumba hii alibandika vidole vyake viwili kwenye kioo, chini ya ukingo, kisha akamwambia Bi Uzi naye abandike viwili vyake chini yake. "Basi maji yaishie hapa," alisema, "viwili vyangu, viwili vyako." Walicheka mpaka wakaketi sakafuni.

Sasa Bi Uzi alibandika vidole vyote vinne yeye mwenyewe, akachota mpaka maji yakafika chini yake. Jambo moja ndilo lililompoza: yule mwanamke hakukijua kipimo. Hakuambiwa. Mwanamume anaweza kumpa mtu kochi, mito na hata kitanda, lakini kama kipimo kile hajampa, basi bado kuna chumba kimoja moyoni ambacho hajamfungulia.

Jirani, mama mtu mzima, alikuwa akianika nguo upande wa pili wa ukuta. Alimwona kupitia dirisha la jikoni, akatikisa kichwa.

"Wewe mwanamke hujachoka tu?"

"Nyumba nimeifagia tangu haijapigwa rangi, dada. Nichoke leo?"

"Mimi simo. Ila huyo katoka na kikapu, hatakawia. Msije mkatoana macho nikaitwa shahidi."

"Akija, aje. Samaki wangu hafi kwa ujinga wa mtu."

Jirani aliguna, akabana kanga ya mwisho kwenye kamba, akaingia ndani. Hakuwa mtu wa kutia kidole penye mlango.

Bi Uzi alikuwa akikung'uta kikombe aliposikia komeo la geti. Sauti ya mwanamke, nyepesi, ya mtu aliyezoea njia. Kisha sauti ya mwanamume, na haikuwa ile anayoijua. Damu ikamchemka. Kumbe hata huyo mmoja hamtoshi! Akanyakua viatu, akateleza nyuma ya pazia la jikoni, moyo ukimpiga kama cherehani iliyokosa breki. Leo ataona kwa macho yake. Leo atakuwa na la kusema.

Waliingia. Mwanamume aliweka chini mkoba wenye vyuma.

"Lenyewe hili, fundi," mwanamke alisema. "Nimeliacha limejaa asubuhi, tazama sasa. Kila nikijaza, nikirudi nakuta limepungua kiasi hicho hicho."

"Kwani huwa mnalijaza mpaka juu?"

"Mume wangu ndiye anayetaka hivyo. Anasema likijaa linapendeza."

Bi Uzi aliuma mdomo, akaonja chumvi.

Fundi wa vioo hakuwa na haraka. Alipapasa pembe moja baada ya nyingine, akapitisha kidole kwenye gundi, akainua kitambaa kilicholala chini ya tangi na kukishika shavuni.

"Hapa hapavuji, mama. Kitambaa kikavu kama unga. Haya maji yanachotwa."

Mwanamke alicheka kidogo. "Na nani? Mchana hamna mtu humu."

"Ufunguo anao nani mwingine?"

"Mimi na mume wangu, basi. Yule mke wake wa zamani aliurudisha wake siku ya talaka, kabla mimi sijaolewa hapa."

Fundi aliinama. Macho yake yalikuwa yakifuata matone sakafuni, moja baada ya jingine, kutoka kwenye tangi hadi kwenye pazia la jikoni. Nyuma ya pazia kikombe kilidondosha tone jingine, na Bi Uzi akaukaza kiganjani ufunguo wa pili, ule aliouchongesha asubuhi ya talaka kabla ya kuurudisha wa kwanza.