Zoezi la Kochini

"Daktari alisema ufanye mazoezi, baba watoto."

"Kwani haya ni nini?" Mumewe alikuwa kajilaza kochini, simu juu ya kitambi ikimfundisha Kiingereza. "Zoezi la saba, viungo vya mwili. Magoti kwa Kiingereza ni niiz."

"Yako yanajua Kiswahili tu, na hata hicho yamekisahau."

Mkewe akaitazama miguu ya mumewe. Ilikuwa imevimba, soksi zimechimba mtaro juu ya kifundo. Sukari ilishamla kidole kimoja, na daktari alisema asipotembea, mguu utafuata.

"Usinikatize, Mama Pacha. Sasa tunaingia somo la kukimbia."

"Vizuri."

Mkewe akampokonya simu, akatoka nayo mbio mlangoni na kushika barabara, simu ikiendelea kufundisha mkononi mwake.