Shafti ya Mtu Mmoja

Kuunganisha shafti ya trekta na mashine ya kufyekea majani ilikuwa kazi ya watu wawili. Makwaia alikuwa akipiga magoti nyuma ya trekta iliyozimwa, ameikumbatia shafti nzito kifuani, na mkewe Nyamizi akiizungusha mashine kwa mkono, taratibu, mpaka meno yaoane.

"Bado," Makwaia alikuwa akisema. "Bado... Hapo!"

Nyamizi alizikwa mvua zilipoanza. Sasa majani yalikuwa yamefunika njia ya kwenda kaburini, na Makwaia alikuwa hajaigusa trekta tangu siku ile.

Asubuhi hiyo Kulwa, fundi wa kuchomelea, alimletea kichwa kipya cha shafti, kile cha kuvuta na kuachia kikajifunga chenyewe, pamoja na mnyororo wa kuining'iniza isimlemee.

"Jaribu, mzee. Sasa huhitaji mtu."

Makwaia akaining'iniza shafti kwa mnyororo, akapaka grisi, akaizungusha kidogo kwa kiganja, akasukuma. Shafti ikaingia, ikalia ta!

"Umeona ilivyo rahisi?" Kulwa alifurahi kweli.

"Nimeona, mwanangu. Ahsante."

Kulwa alipoondoka, Makwaia hakupanda trekta. Aliichomoa shafti, akaufungua na ule mnyororo, uzito wote ukamrudia kifuani. Akapiga magoti palepale pa zamani, uso ameuelekeza kwenye mashine.

"Bado," akasema.

Upepo ukapita kwenye majani marefu ng'ambo ya mashine. Makwaia akasubiri.

"Bado."